Programu ni huria, wajibu ni wa nani?

Mwalimu anakaa Makole, hapa Dodoma. Amestaafu miaka mingi, lakini mtaa mzima bado unamwita Mwalimu. Haoni tangu utotoni. Alisoma kwa nukta nundu, akafundisha kwa nukta nundu, na alipostaafu akajifunza kompyuta kwa masikio. Mwezi uliopita alinipigia simu nipite kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa usikilize hiki kitu. Nimekisikiliza tangu asubuhi."

Alikuwa anajaza fomu ya maombi kwenye tovuti ya taasisi moja. Akabonyeza kitufe cha Tab, kile kinachokuhamisha kutoka kisanduku hadi kisanduku bila kushika kipanya. Sauti ya kompyuta ikasema, kwa Kiingereza, kwamba hapo ni mahali pa kuandika, patupu. Akabonyeza tena. Mahali pa kuandika, patupu. Alibonyeza mara sita, ikasema vilevile mara sita. Mimi mwenye macho nilikuwa naona kila kitu: jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, anwani. Yeye alikuwa amesimama mbele ya milango sita isiyo na namba.

"Sasa simu naandika wapi?" akaniuliza.

Nilifungua maandishi ya ndani ya ukurasa ule na kasoro ikaonekana mara moja. Maneno "Jina la kwanza" yalikuwa yameandikwa juu ya kisanduku, ila hayakufungwa nacho. Kwa jicho vinaonekana pamoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili visivyojuana. Kuvifunga ni kazi ya mstari mmoja kwa kila kisanduku. Na fomu yenyewe haikutungwa na taasisi ile. Ilitoka kwenye programu huria ya kutengenezea fomu, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua akaitumia.

Niliwasimulia vijana ninaofanya nao kazi. Mmoja akasema, "Kitu cha bure hicho kaka, utamdai nani?" Wa pili alikuwa amesikia kwamba Ulaya wameanzisha sheria ya ufikivu, na kwamba sasa watu wanaojitolea kuandika programu huria watafikishwa mahakamani. Wa tatu akasema kwetu Tanzania hakuna sheria yoyote inayogusa mambo haya. Nimeyasikia maneno hayo matatu mara nyingi mno, hata kwa watu wenye kalamu ya kusaini, na yote matatu yanamwacha Mwalimu palepale kwenye kisanduku kitupu. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na maneno yenyewe

Programu huria ni programu ambayo mwenyewe ameitoa pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yote aliyoandika kuiambia kompyuta ifanye nini, na akatoa ruhusa: itumie, ifungue uone ilivyo ndani, irekebishe, uigawe. Firefox ya kuperuzi ni ya namna hiyo. LibreOffice ya kuandikia barua, VLC ya kutazamia video, Moodle ambayo vyuo vingi huwekea masomo, WordPress iliyobeba tovuti zisizohesabika, na DHIS2 ya takwimu za afya, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika hapa nchini, zote ni huria.

Wengi hudhani huria maana yake bure. Mara nyingi ni bure kweli, lakini ziko programu za bure ambazo huruhusiwi kuzifungua, na ziko kampuni zinazolipwa fedha nyingi kwa kuhudumia programu huria. Kiini ni ruhusa. Kwa ruhusa hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza, mwaka 2004, kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, bila kumpigia mtu magoti.

Ufikivu ni neno unaloweza kulikuta kwenye mipangilio ya simu yako ukiwa umeiweka kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba mtu mwenye ulemavu anaweza kukifikia kitu na kukitumia mwenyewe, bila kumbebesha mtoto wa jirani siri zake za benki. Kwa asiyeona, chombo kikuu ni kisoma skrini: programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Simu nyingi za Android zinacho tayari, kinaitwa TalkBack. Kwenye kompyuta za Windows, Mwalimu anatumia NVDA.

Lakini ufikivu ni mpana kuliko wasioona, na hapa watu wengi hukosea. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na maandishi ya kijivu juu ya ukurasa mweupe humpotea kabisa. Kiziwi anahitaji maneno chini ya video. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kulenga kitufe kidogo kama punje ya uwele. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Na hata usiyehesabiwa humo, simama stendi saa saba mchana, jua la Dodoma likipiga kioo cha simu, ujaribu kusoma yale maandishi ya kijivu.

Vipimo vyake vipo. Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti duniani, lilitoa mwongozo wa kwanza wa ufikivu mwaka 1999, unaojulikana kwa herufi WCAG. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una madaraja matatu, na sheria nyingi hushika lile la kati. Mle ndani utakuta mambo ya kupimika, kama vile tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina ambalo mashine inaweza kulisoma. Kasoro ya fomu ya Mwalimu imo humo, kwenye daraja la chini kabisa, yaani lile la lazima kuliko yote.

Ramani ya bure na mlango uliofunguliwa

Tuseme mchoraji amechora ramani nzuri ya zahanati, akaibandika ukutani na kusema: anayeitaka achukue, abadilishe apendavyo, sidai hata shilingi. Ramani ina ngazi tano mlangoni na haina njia mteremko. Taasisi inaichukua, inajenga, inafungua milango kwa wananchi. Siku ya kwanza anafika mgonjwa kwenye kiti mwendo, anakwama chini ya ngazi.

Hakuna mtu atakayemwambia mgonjwa yule akamtafute mchoraji. Aliyefungua mlango ndiye wa kuulizwa. Tena yeye ramani alikuwa nayo mkononi pamoja na ruhusa ya kuibadilisha, na bado akajenga ngazi.

Programu huria ni hivyo hivyo. Leseni zake karibu zote zina kifungu kinachosema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ndicho kinachomfanya yule kijana wa kwanza aseme hakuna wa kumdai. Lakini kifungu kile ni makubaliano kati ya mtoaji na mchukuaji. Mwalimu hakusaini leseni yoyote. Yeye alienda kwenye huduma ya taasisi, na taasisi haiwezi kumjibu kwamba kuna mtu asiyemfahamu, nchi ya mbali, aliandika "bila dhamana."

Na sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inaweka habari na mawasiliano, pamoja na teknolojia na mifumo yake, kwenye kapu moja na majengo na usafiri. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kisha ikaja Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa kazi ya viwango na miongozo ya mifumo ya taasisi za umma. Kwa hiyo yule kijana wa tatu amekosea. Tulishaahidi, kwa maandishi, zaidi ya miaka 15 iliyopita.

Ile sheria ya Ulaya

Hofu ya kijana wa pili inahitaji kufunguliwa taratibu, kwa sababu ina chembe ya ukweli.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria hiyo mwaka 2019, na imeanza kufanya kazi tarehe 28 Juni 2025. Inagusa vitu na huduma zinazouzwa kwa wananchi wa kawaida: kompyuta na simu, mashine za kutolea fedha, huduma za benki, vitabu vya kielektroniki, tiketi za usafiri, na biashara ya kuuza na kununua mtandaoni. Mwenye kuuza lazima ahakikishe mtu mwenye ulemavu anaweza kutumia.

Je, inamfunga mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyekaa bwenini usiku akaandika programu ndogo na kuiweka mtandaoni kwa mapenzi yake? Kipimo cha sheria ile ni shughuli ya kibiashara. Asiyefanya biashara hayumo. Ila sikiliza neno lililofuata pale, maana ndipo wengi hujikwaa: sheria inasema kitu kikitolewa katika shughuli ya kibiashara kinaguswa, kiwe kwa malipo au bure. Kampuni haiwezi kusema programu yetu ni ya bure, basi tumevuka, ikiwa programu ile ni sehemu ya biashara yake. Bei siyo mpaka. Mpaka ni kama upo sokoni au haupo.

Watoa huduma wadogo sana, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya mwaka yasiyozidi euro milioni 2, wamesamehewa. Na mzigo ukizidi uwezo wa mtoa huduma kupita kiasi, anaweza kujitetea, lakini kwa hesabu zilizoandikwa, siyo kwa malalamiko. Kampuni ya Tanzania inayowauzia wateja walioko Ulaya kupitia tovuti yake inaweza kuguswa pia, hivyo wenye biashara za namna hiyo wasidhani bahari inawakinga.

Marekani wao wana kifungu kinachojulikana kama 508, kilichowekewa meno mwaka 1998. Kinazitaka taasisi za serikali kuu, zinapotengeneza, kununua au kutumia teknolojia, zihakikishe inafikika. Njia hii naipenda kuliko zote. Haimkimbizi mtengenezaji kwa rungu. Inashika mfuko wa mnunuzi mkubwa kuliko wote, na muuzaji anayetaka zabuni anarekebisha mwenyewe. Dodoma ndiko wizara zilipo. Sharti la ufikivu likiandikwa kwenye nyaraka za zabuni zinazotoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, litakwenda mbali kuliko semina mia.

Rekebisha kisimani

Maji mengi ya mjini Dodoma yanatoka visima vya Mzakwe. Chumvi ikizidi kule, utaionja Kikuyu, utaionja Area C, utaionja Chang'ombe. Unaweza kununua kichujio ukakifunga kwenye bomba lako, na wewe utakunywa vizuri. Jirani yako ataendelea kuonja chumvi.

Programu huria nayo ina kisima, yaani mradi mama ambako msimbo unatunzwa. Kasoro ya lebo, yaani jina la kisanduku, iliyomkwamisha Mwalimu haikuwa ya taasisi ile peke yake. Kila aliyechukua programu ile ya fomu alichukua na kasoro yake. Fundi akirekebisha kwenye tovuti moja tu, amefunga kichujio bombani, na toleo jipya likija rekebisho lake litafutika. Akipeleka rekebisho kwenye mradi mama na likakubaliwa, maelfu ya fomu yatapona kwa kusasisha tu. Kwa programu iliyofungwa huna njia hiyo. Unaandika barua kwa kampuni, unasubiri.

Hapa ndipo uhuria unapompa asiyeona kitu ambacho hakikuwapo. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, aliona kwamba kisoma skrini cha Windows kinaweza kuuzwa bei ya kompyuta yenyewe au zaidi. Akaanza kuandika cha kwake, na kukifanya huria. James Teh, naye asiyeona, akaungana naye. Walikuwa wamefahamiana tangu utotoni kwenye kambi ya muziki. Ndiyo hiyo NVDA inayoongea sebuleni kwa Mwalimu, na leo ni kati ya visoma skrini viwili vinavyotumika zaidi duniani kwenye kompyuta. Huja na sauti ya eSpeak NG, programu huria nyingine, inayojua Kiswahili pia. Ni sauti kavu, ya bati bati, lakini inasoma.

Ila nisiipambe. Mwaka 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliamua kwamba nyaraka za serikali zihifadhiwe kwa muundo huria uitwao OpenDocument kuanzia mwaka 2007. Uamuzi ulikuwa na nia njema: nyaraka za wananchi zisiwe mateka wa kampuni moja. Waliopiga kelele wa kwanza walikuwemo watu wenye ulemavu, pamoja na watumishi wa jimbo lenyewe. Programu huria za ofisini za wakati ule hazikuelewana vizuri na visoma skrini vyao. Mtumishi asiyeona aliyefanya kazi vizuri Ijumaa angeingia Jumatatu asiweze kufungua barua. Jimbo likalazimika kupunguza mwendo, na muundo ule ukatolewa upya mwaka 2007, toleo la 1.1, likiwa na marekebisho ya ufikivu. Taasisi yetu yoyote inayofikiria kuhamia programu huria, na naunga mkono kuhama, iwakalishe watumiaji wenye ulemavu mezani kabla ya kusaini.

Jambo jingine ni kwamba kujitolea kuna mwisho wake. Orca, kisoma skrini cha Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kilikuwa kikitengenezwa na wafanyakazi wa kampuni ya Sun. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010 ikawapunguza watu wa ufikivu, na kwa miaka mingi kazi kubwa ikamwangukia mtu mmoja, Joanmarie Diggs. Fikiria chombo ambacho watu wa nchi nyingi wanakitegemea, na kimebebwa na mabega mawili. Ndiyo sababu nilifurahi mwaka 2023, mfuko wa serikali ya Ujerumani ulipoupa mradi wa GNOME, ambamo Orca imo, euro milioni 1, ufikivu ukiwa mojawapo ya kazi zilizolipiwa. Anayedai lazima awe tayari pia kuchangia, kwa fedha au kwa muda wa mafundi wake.

Kuna biashara moja inayostawi kwenye mkanganyiko huu: programu-nyongeza unayoibandika juu ya tovuti, inaweka alama ya mtu pembeni, na muuzaji anakuapia kwamba sasa tovuti imetimiza viwango vyote. Haiwezi. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo. Kisanduku kisicho na jina hakipati jina kwa kuwekewa pambo pembeni.

Mambo mengi yanayowaumiza watu wetu ni madogo, tena ya kwetu. Tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa WordPress, na aliyeijenga hakubadilisha mpangilio wa lugha, ukabaki Kiingereza. Kisoma skrini kinaamini kilichoandikwa: kinachukua sauti ya Kizungu na kusoma "maombi" na "ada" kana kwamba ni maneno ya London. Mwalimu alinisikilizisha ukurasa mmoja wa namna hiyo. Nilikuwa nausoma kwa macho, na bado sikuelewa nilichokuwa nakisikia. Kurekebisha ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua Kiswahili, basi.

Ukitaka kujua kama tovuti yako imemfungia mtu nje, weka kipanya pembeni na ujaribu kufanya kila kitu kwa Tab na Enter. Kisha chukua simu ya Android, na kwenye nyingi ukishikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu TalkBack itawaka. Telezesha kidole kulia kusonga mbele, gusa mara mbili kufungua. Fumba macho. Jaribu kutuma fomu yako mwenyewe.

Tulifanya hivyo na vijana wale watatu, Jumamosi nzima. Yule aliyesema "utamdai nani" ndiye aliyeandika rekebisho la lebo na kulipeleka kwenye mradi mama. Lilikaa siku tisa, watunzaji wakauliza maswali mawili, likakubaliwa. Taasisi iliposasisha, nilikwenda Makole. Mwalimu akabonyeza Tab. Jina la kwanza. Tab. Jina la ukoo. Tab. Namba ya simu. Akaandika namba yake bila kuniuliza.

Mwisho wa fomu ipo picha ya herufi zilizopindapinda, unatakiwa uzisome uzichape ili kuthibitisha wewe ni binadamu, na haina njia ya sauti. Hiyo haikutoka kwenye mradi mama. Iliongezwa na taasisi yenyewe. Mwalimu ameandika barua kuomba ibadilishwe, akataja Sheria Namba 9 ya 2010. Tuliipeleka Jumatatu kwa mkono. Pale masjala walimgongea nakala yake muhuri wa kupokelewa, akaikunja akaitia mfuko wa shati.